Kiwanda cha Walinzi Arobaini na Mmoja

Shemeji yangu ni mwoga. Nasema hivyo kwa mapenzi, na hata yeye ukimuuliza atakubali, ila atatazama kwanza kushoto na kulia aone kama kuna mtu anasikia. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa barua yoyote yenye muhuri. Siku aliyokuja kwetu kumposa dada yangu alisimama nje ya mlango karibu saa nzima anajifuta jasho, mpaka marehemu mama akamwonea huruma. "Ingia baba," akamwambia, "humu hatuli watu."

Mtaani wanamwita Chokaa. Jina lenyewe halihitaji maelezo marefu. Kila jioni anarudi kazini mweupe: nywele nyeupe, nyusi nyeupe, hadi kope nyeupe, kama mtu aliyegaragazwa ndani ya gunia. Mimi ni fundi viatu na meza yangu iko pale mlangoni kwetu, nyumba ya vyumba sita na ua katikati, kwa hiyo kila anayeingia namjua kwa miguu kabla sijaona uso. Viatu vya Chokaa nimevikung'uta mimi miaka kumi na minne. Nilichojua ni kwamba lile vumbi si chokaa wala si unga. Ukilisugua kati ya vidole linakwaruza kama chupa iliyosagwa.

Kiwanda anachofanyia kazi kinasaga jiwe. Ni jiwe jeupe linalometameta, linaingia kubwa kama kichwa cha mtu, linatoka laini kama poda ya mtoto. Linatiwa kwenye mifuko, mifuko inapanda malori, inakwenda kutengenezwa vioo na rangi na ile sabuni ya unga ya kusugulia masufuria.

Sasa muulize Chokaa anafanya kazi gani.

"Mlinzi," atakwambia.

Na hadanganyi, maana kadi yake ndivyo inavyosema. Alipoajiriwa aliajiriwa ulinzi kweli. Akalinda wiki tatu. Halafu mtu mmoja wa kujaza mifuko akaacha kazi, nyapara akamwita, "Wewe wa getini, hebu njoo ushike hapa kidogo." Hako kadogo ndiko kamefika miaka kumi na minne. Baadaye bosi akaona kumbe utaratibu huo ni mzuri. Mtu wa vumbi lazima umnunulie barakoa ya maana, lazima umpeleke akapimwe kifua kila mwaka. Mlinzi unamnunulia rungu, tena moja linatosha zamu mbili. Basi wote wakaandikwa walinzi. Ukisoma makaratasi ya kile kiwanda utakuta walinzi arobaini na mmoja na hakuna hata mtu mmoja anayesaga jiwe. Mawe yanajisaga yenyewe, walinzi wanatazama.

Mtaani tulicheka sana habari hiyo. Tukaacha kucheka alipoondoka Mrefu.

Mrefu alikuwa mwenzake Chokaa kwenye bomba moja la kujazia mifuko, huyu anashika mfuko, yule anafunga. Mtu wa miraba minne, sauti kama spika. Alianza kukohoa kidogo. Wakamtibu kifua kikuu, akameza dawa miezi sita, hakupona. Wakamtibu tena. Wakamtibu mara ya tatu. Mwisho alikuwa hawezi kutoka chumbani kwake mpaka bomba la maji uani bila kukaa chini katikati. Alikuja kwangu nimtobolee mkanda matundu mapya, nikatoboa matatu, na suruali bado ikawa inamshuka. Alipofariki, kwenye cheti chake waliandika: kazi, mlinzi. Nilikiona kwa macho yangu, ndugu zake walipita hapa nacho.

Na mwaka huu Chokaa naye akaanza.

Ni kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Asubuhi mara tatu. Akipanda ngazi mbili za mlangoni kwetu, mara tano. Dada yangu akawa anazihesabu. Siku moja Chokaa alinivulia mkanda, akauweka mezani pangu bila kunitazama usoni.

"Shemeji," akasema, "nitobolee tundu moja tu."

Nilichukua muda mrefu kutafuta msumari ambao ulikuwa mbele yangu.

Basi katika hali hiyo ndipo tukaingiliwa na watu wa utafiti wa afya.

Walianza kwa kupita na chaki. Wanaandika namba juu ya kila mlango, wanaondoka bila kueleza. Chokaa aliporudi jioni akakuta mlangoni kwake pameandikwa 47. Nilimwona akisimama, uso ukamshuka. Mtu mwoga akiona namba mlangoni haoni namba, anaona kwamba amejulikana. Akavuta shati akaanza kuifuta kwa mkono wa shati. Sasa mkono wenyewe mweupe pe. Kila anavyofuta, mlango ndio unazidi kung'aa, na ile 47 iko palepale.

"Shemeji, wananitafutia nini?" akaniuliza.

"Hata mimi nimeandikwa. Mimi ni 45."

"Wewe ni fundi viatu, wewe hawana shida na wewe."

Kesho yake nyapara akawakusanya wafanyakazi wote kiwandani. Huyu nyapara hapigi kelele, na ndiyo maana wanamwogopa. Akawaambia hivi: "Kuna watu wanapita majumbani, wanauliza mtu anafanya kazi gani. Atakayeulizwa aseme kilichoandikwa kwenye kadi. Atakayeongeza neno, neno hilo ndilo la mwisho kulisema akiwa na kazi."

Ungesema, nyapara atajuaje mtu kasema nini chumbani kwake? Kwingine asingejua. Lakini mama mkwe wa nyapara anakaa kwetu, chumba kinachopakana na cha Chokaa, na ukuta wa katikati ni mbao. Bibi huyo tunamwita Redio. Ukipiga chafya kwako, yeye kwake anakuambia pole. Hana roho mbaya hata kidogo. Ila jambo likishaingia masikioni mwake lazima litangazwe, na taarifa yake ya kwanza huwa inasomwa kwa mkwewe siku ya Jumapili.

Haya ya ndani ninayowasimulia nimeyapata kwa dada yangu. Dada yangu huwa hatii chumvi. Anatia pilipili, lakini kweli yake ipo.

Karani alikuja Jumatatu, binti mdogo, mpole, ana mkoba na tableti. Akaeleza kwamba kila mlango wenye namba anaulizwa mtu mzima mmoja tu, na anayemchagua ni mashine. Dada yangu akaomba kimoyomoyo iwe yeye. Mashine ikamchagua mumewe.

"Kasafiri," dada akasema, kama alivyofundishwa.

Karani akaja Jumanne asubuhi. Kasafiri. Akaja Jumanne jioni, wakati ambao Chokaa ndio kwanza kavua viatu. Aliposikia hodi akaruka nyuma ya pazia la kitanda, akasimama huko kajibana kama fagio.

"Bado hajarudi?" karani akauliza.

"Bado, mwanangu. Safari ndefu."

Nyuma ya pazia: koh, koh, koh.

Dada yangu akatazama dari. Karani akatazama pazia. Halafu, kwa upole, akasema, "Basi karibu kutoka safari, baba."

Chokaa akatoka. Miguu peku, nyusi nyeupe, macho yamemtoka pima. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Karani akamsomea kwamba majibu ni siri, kwamba jina lake halitakaa pamoja na majibu, kwamba akitaka anaweza kukataa. Chokaa akawa anaitikia kila sentensi huku macho yako kwenye ukuta wa mbao. Upande wa pili kulikuwa kimya. Redio akiwa kimya, ujue anarekodi.

"Kazi yako kuu ni nini, baba?"

"Mlinzi."

Alijibu kabla swali halijaisha.

"Na hapo unapofanya kazi, wanatengeneza nini, au wanatoa huduma gani?"

Hapo nyapara alimwacha njia panda. Alimfundisha swali la kwanza tu, hakujua kwamba kuna la pili. Kumbe wale watu wanataka yote mawili: wewe unafanya nini, na mahali penyewe pana shughuli gani, maana mlinzi wa benki na mlinzi wa machimbo hawavuti hewa moja.

"Wanatengeneza..." Jasho jembamba likamtoka, likachora mistari kwenye lile vumbi la usoni. "Wanatengeneza ulinzi."

"Kampuni ya ulinzi?"

"Eeh. Hiyohiyo."

"Inalinda wapi?"

"Popote."

Karani akaandika. Mashine ilipoona mlinzi wa kampuni ya ulinzi ikaruka maswali yote ya vumbi na moshi, ikaenda moja kwa moja kwenye sigara na pombe, ambavyo Chokaa hatumii kwa kuviogopa. Mwisho karani akatoa kifaa chenye mrija. "Vuta pumzi yote, kisha puliza kwa nguvu, kama unazima moto."

Akapuliza. Kikohozi kikamkatiza. Akapuliza tena. Mara ya tatu karani akatazama namba, akatazama tena, na ule upole wa usoni ukabadilika.

"Baba, una umri gani?"

"Arobaini na mitatu."

"Umewahi kufanya kazi ya vumbi? Machimbo? Kusaga mawe?"

Dada yangu anasema mumewe alifungua mdomo, na akaona kabisa neno linakuja. Ndipo upande wa pili wa mbao kiti kikalia, nyaa, cha mtu anayesogea karibu.

"Hapana," Chokaa akasema.

Karani akaeleza kwamba kuna gari la picha za kifua, limeegeshwa uwanja wa shule mpaka Ijumaa jioni. Nafasi ni chache, kwa hiyo mashine inawapa kwanza wenye pumzi ndogo ambao kazi yao ni ya vumbi. Mlinzi hamo. Akamwachia kikaratasi cha kwenda zahanati, ileile zahanati iliyomtibu Mrefu kifua kikuu mara tatu.

Alipotoka, mume na mke wakagombana kwa kunong'ona. Sijui kama umewahi kuona watu wanagombana kwa kunong'ona. Bora kelele.

"Umemwambia nini yule binti?"

"Kilichoko kwenye kadi."

"Kadi inakohoa? Kadi ndiyo inatobolewa mkanda?"

"Mke wangu, nikifukuzwa tutakula nini?"

"Na ukifa?"

"Usiseme hivyo."

"Mrefu naye alikuwa mlinzi," dada akamwambia. "Kalinda mpaka kaburini."

Chokaa akalala chali anatazama dari, na kila alipotaka kukohoa akajiziba kwa mto, ili dada asihesabu. Dada akahesabu mto.

Jumatano hakuna kilichotokea, na ndiyo siku iliyokuwa mbaya kuliko zote. Chokaa alikwenda kazini, akarudi, akakaa kwenye kibenchi changu. Akaniambia kwamba siku ile bomba lilipofunguka alijaribu kuvuta pumzi kidogo kidogo, kwa kuibia, kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala. "Lakini shemeji," akasema, "pumzi haiibiwi. Ukipunguza huku inakudai huku." Nikataka kumtania kama kawaida yetu, nikaishia kumpa kipande cha ngozi ashikilie.

Alhamisi jioni wakaja wawili. Yule karani, na nyuma yake mama mmoja mtu mzima, miwani shingoni kwa kamba, viatu vya raba vilivyokwisha upande wa kisigino. Mtu anayetembea sana huyo. Akauliza mlango wa 47.

Chokaa alipoona wamerudi, tena wameongezeka, alinyoosha mikono mbele kama anayesubiri pingu. Naapa. Dada yangu akamshusha mikono.

"Usiogope, baba," yule mama akasema. "Mimi kazi yangu ni kurudia majibu ya vijana wangu, kuona kama yamekaa sawa. Katika mtaa huu mmoja nimepata walinzi kumi na mmoja. Wote wa kampuni moja isiyo na jina. Wote hawana pumzi. Sasa sisi tunajiuliza, hicho kitu wanachokilinda ni..."

Chokaa aliweka kidole mdomoni, halafu akaelekeza kidevu kwenye ukuta wa mbao. Na kama vile wamepanga, kule upande wa pili kiti kikalia, nyaa.

Yule mama akaelewa. Nadhani alishaziona kuta nyingi katika maisha yake. Akavaa miwani, akavuta kigoda mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akanong'ona maneno machache tu:

"Usiniambie cheo. Usiniambie lolote. Nionyeshe. Jana ulipofika kazini, mikono yako ilifanya nini?"

Chokaa akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Kwa muda haikufanya kitu. Halafu ikainuka yenyewe.

Ikachukua kitambaa kisichokuwepo, ikakifunga puani, fundo kisogoni. Ikaokota mfuko, ikaufungua mdomo, ikauvisha kwenye bomba. Mguu wa kulia ukakanyaga kitu. Na hapo Chokaa akafumba macho na kugeuza uso pembeni, vilevile anavyougeuza kila mara bomba linapopumua, na dada yangu anasema aliliona lile vumbi. Chumbani mlikuwa hamna kitu, lakini aliliona. Mikono ikaunyanyua mfuko, ikaubwaga chini mara mbili ushuke vizuri, ikauvua, ikaukunja shingo, ikafunga waya, ikautupa begani. Ikarudi. Mfuko mwingine. Na mwingine. Mwisho wa yote ikashika mpira wa upepo, ikajipuliza nguo, kifuani, mabegani, usoni, ule upepo wa kutoa vumbi kwenye nguo na kuliingiza kwenye mtu.

Yule mama akaonyesha vidole: mingapi kwa siku? Chokaa akakunjua vidole kumi, akafumba, akakunjua, akafumba, mpaka karani akapoteza hesabu. Yule mama akagusa saa yake: saa ngapi kwa siku? Vidole kumi. Akachora duara hewani: miaka? Vidole kumi, halafu vinne.

Dada yangu alikuwa amesimama kwenye kona na mkono mdomoni. Miaka kumi na minne kamfulia zile nguo, na hakuwahi kumwona mumewe akiwa kazini. Siku hiyo ndiyo aliyomwona.

Yule mama akaandika kwa muda mrefu. Akachana kipande cha karatasi, akaandika sentensi mbili, akampa: *Bosi wako hataliona hili, majibu yanakwenda bila jina. Njoo kesho kwenye gari, nafasi ni yako.* Kisha akasimama, akasema kwa sauti kubwa ya kuagia, "Haya baba, asante sana. Kumbe kazi ya ulinzi ni ngumu!"

Na ukuta ukajibu, "Ngumu sana, mwanangu!"

Chokaa akakisoma kile kikaratasi mara mbili. Halafu akakitia mdomoni, akakitafuna, akakimeza.

Ijumaa dada yangu alimshika mkono kama mtoto wa siku ya kwanza ya shule, wakapita uchochoro wa nyuma. Kila aliyevaa kofia, Chokaa alimdhani ni nyapara. Ndani ya gari walimwambia avue shati, akumbatie ubao wa baridi, avute pumzi, aizuie. Kuizuia hakuweza, ikabidi warudie.

Daktari akawawashia picha ukutani. Dada hakuhitaji kuelezwa ipi ni mbavu. Katikati ya mbavu, kulia na kushoto, hasa kwa juu, kulitapakaa vidoa vyeupe, vidogovidogo, kama mtu karusha konzi ya poda kwenye kitambaa cheusi.

Chokaa akavitazama. "Kumbe hata ndani," akasema polepole.

Daktari alikuwa mkweli. Akasema si kifua kikuu, ni vumbi la jiwe, na lililoingia halina dawa ya kulitoa. Akasema amewahi mapema kidogo, bado kuna sehemu kubwa nzima. Akiondoka kwenye vumbi leo, anaweza kuona wajukuu. Akibaki... hapo daktari akachukua kalamu, akaandika barua: mgonjwa huyu aondolewe kwenye vumbi mara moja.

Barua yenye muhuri. Shemeji yangu, anayeogopa barua zenye muhuri, sasa anayo mfukoni, na lazima aipeleke mwenyewe kwa bosi.

Jumapili nzima hakula. Alikuwa anaitoa, anaitazama, anairudisha. Mara moja nilimkuta ameishika juu ya jiko.

"Shemeji, hiyo usiichome," nikamwambia.

"Siichomi," akasema. "Naipa joto."

Jumatatu asubuhi alipita mezani pangu, akasimama. Nikamwona kwanza kwa miguu, kama kawaida. Viatu alikuwa kavipiga rangi, na vilikuwa vinatetemeka. "Nisiporudi na kazi," akasema, "mwambie dada yako nilijaribu." Nikamwambia mwambie mwenyewe, yuko nyuma yako. Kweli dada alikuwa nyuma yake, kajifunga kitambaa kichwani, anamsindikiza mpaka getini.

Aliyoyakuta ofisini alinisimulia jioni ile, na amenisimulia mara nyingi baadaye.

Bosi aliisoma barua. Nyapara amesimama dirishani. Bosi akauliza, "Nani kakutuma kupiga picha?"

"Kifua, bosi," Chokaa akasema.

Bosi akafungua kabati, akatoa faili, akalamba kidole, akafunua. Akaligeuza faili Chokaa asome. "Hapa wewe ni nani?"

"Mlinzi, bosi."

"Mlinzi anakaa wapi?"

"Getini."

"Getini kuna vumbi la kiwanda?"

"Hakuna."

"Basi daktari wako anataka nikutoe wapi nikupeleke wapi?" Akaisukuma barua mezani. "Hapa kwangu hujawahi kuwa kwenye vumbi. Mimi siwezi kukutoa mahali ambapo hujawahi kuwepo. Rudi kazini."

Nyapara akacheka puani.

Chokaa anasema miguu iligeuka yenyewe kwenda mlangoni, kwa mazoea, kwenda kwenye bomba. Hatua mbili. Kwa dirisha akaliona bomba la mwenzake likipumua, na mtu chini yake akigeuza uso pembeni. Kikohozi kikambana, akakohoa mpaka akashika meza ya bosi asianguke. Alipomaliza, akaona vidole vyake kwenye ile meza, vidole vilevile, na akasikia sauti inasema, na hakuamini kwamba ni ya kwake:

"Basi bosi, naomba rungu langu."

"Nini?"

"Rungu. Mimi ni mlinzi. Miaka kumi na minne sijapewa rungu. Nipe nikasimame getini."

Nyapara hakucheka tena. Bosi akatazama faili, akatazama barua yenye muhuri, akatazama faili. Akikataa, ina maana mlinzi wake si mlinzi, na kama huyu si mlinzi, je wale arobaini? Dakika nzima, Chokaa anasema, na katika dakika ile alikuwa anajiuliza kama mtu anaweza kuzirai akiwa amesimama.

"Mpe rungu," bosi akasema.

Sasa yuko getini. Nimepita kumwona. Kavalishwa koti kubwa kuliko yeye, rungu kalishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Mbwa wa kiwanda amefungwa hatua sita kutoka alipo, wanatazamana siku nzima, na sijui nani anamwogopa mwenzake zaidi. Bado anakohoa asubuhi mara tatu. Dada anahesabu. Ikiwa tatu anashusha pumzi. Siku ikiwa nne, hawasemi mpaka mchana.

Lakini kinachomtisha hasa si mbwa. Ni saa ya kuingia, wenzake wanapompita mmoja mmoja, anawafungulia geti yeye mwenyewe kwa mkono wake. Majuzi mmoja wao akasimama, mtu wa bomba la pili, mmoja wa wale walinzi kumi na mmoja. Wiki ile ya utafiti yule mama alimfikia naye, akamwomba amwonyeshe mikono, na yeye akaificha mifukoni. Sasa akainama kama anayefunga kamba ya kiatu.

"Chokaa," akanong'ona, "lile gari la picha bado liko pale shule?"

"Limeondoka."

Yule mtu akabaki ameinama. Akakohoa kikohozi kifupi, kikavu, cha adabu.

"Watarudi lini?"

"Sijui," Chokaa akamwambia. "Lakini siku wakirudi, itoe mikono mifukoni."

King'ora kikalia. Yule mtu akasimama, akajifunga kitambaa puani, fundo kisogoni, akaingia.